Kangomba

Paka wangu wa pili nimempa jina Kangomba,
maana kila kipimo yeye hukizidisha:
dagaa wa mmoja hula wa watatu,
na usingizi wake ni wa msimu mzima.

Wa kwanza hakuwa na jina. Nilimwita "we paka."
Alikufa wiki ya mnada,
kwa panya aliyekula sumu niliyoitega mwenyewe
nyuma ya magunia ya korosho.
Panya alipepesuka; paka akaona bahati.

Basi leo nimepiga magoti, hapa hapa Newala,
natambaa nyumbani kwangu kwa kimo cha paka.
Shemeji Nampota kasimama mlangoni, anacheka:
"Somoe, umepoteza hereni?"
Sikumjibu. Huku chini kuna nyumba nyingine.

Kuna sindano na uzi wake chini ya cherehani.
Kuna mfuko wa salfa, umetoboka,
unga wa manjano pale pale anapolala.
Ataamka, atajilamba;
usafi wake ndio utakaomponza.
Na mfuniko wa kisima cha mvua una pengo:
kwangu kiganja, kwake mlango.

Salfa nimeifungia bandani.
Pengo nimelibana kwa bati na jiwe.
Sumu sinunui tena,
panya nimemwachia mlafi huyu.

Uvunguni mkono umegusa kitu baridi:
kisahani cha yule wa kwanza,
duara jeupe la maziwa limekaukia humo.
Nikakaa nacho sakafuni.
Kangomba akaja, akakinusa,
akaniangalia kama karani wa mizani:
kimepungua.