Picha Tano za Mama Eufemia

Koridoni, Antigonish, theluji ikigonga vioo,
napangusa vumbi usoni mwa Mama mwanzilishi
kila Jumamosi, mara tano.

Ya kwanza ni ya makaa. Aliichora muuza samaki
aliyeshindwa kulipa deni la kufuliwa mashati:
chunjua kidevuni, jicho moja limelala,
mdomo umefumbwa kama mkoba wa bahili.

Mazishi yalipopita miaka kumi
askofu akamleta mchoraji kutoka Halifax.
Chunjua ikahama. Jicho likaamka.

Alipotimiza hamsini kaburini, pua ikanyooka,
na mikono iliyobabuliwa na magadi
ikawa maziwa.
Alipotimiza mia akawa rika langu,
mwanga kichwani, macho juu,
kama anayesoma saa ya stesheni.
Wafu wa wenzetu huoza;
wetu anarudi usichanani.

Ya tano ni fotografia.
Sijui alicheka au alipiga chafya;
hakutulia, uso ukawa moshi.
Mikono tu ndiyo iliyotii, ukingoni mwa beseni,
vidole vimevimba kama mihogo.

Sasa tumebaki sita na nyumba imeuzwa.
Sista Morag anauliza twende na ipi:
tuendako kuna msumari mmoja.
Wote wanaonyesha yenye mwanga.
Mimi, wa Peramiho, naitikia kwa kichwa.

Usiku naifunga fotografia kwa taulo,
naizamisha sandukuni
kati ya soksi na mche wa sabuni.

Ukutani pamebaki mraba mweupe.
Jumamosi
nao nikaupangusa.