Bega la Monowara

Bega la kushoto la Monowara
lilipanda siku ile, likagusa sikio,
halikushuka tena.
Miaka sita amelivaa hivyo
kama anayebana simu, akimsikiliza
mtu asiyesema wala asiyekata.

Hospitalini Gazipur walilipiga picha.
Mfupa mzima, wakasema. Nenda.
Wakamwandikia vidonge vyeupe.
Sisi tulioshona naye safu moja tulijua:
mwenye kovu usidhani kapoa.
Na asiye na kovu, je?

Ijumaa, chumba cha juu ya duka la mchele,
Dilruba hakuuliza habari za moto.
Aliuliza, "Miguu yako iko wapi?"
Tukacheka. Shefali akacheka hadi kwikwi.
Miguu! Saa kumi na mbili kwa siku imekanyaga cherehani,
nani aliwahi kuijulia hali?

"Ibonyeze sakafuni. Polepole.
Sakafu inakubeba?"
Monowara alinyamaza, akanyamaza.
"Hii, ndiyo."

Kisha goti likaanza. Goti, paja, taya,
akatetemeka kama sindano iendayo bila kitambaa,
nasi tukanyoosha mikono tumshike,
Dilruba akatuzuia: mwacheni,
mwili unamaliza mbio
zilizokatizwa ngazini.

Bega likashuka.
Upana wa kidole kimoja tu, nisitie chumvi.

Akajifuta jasho kwa ncha ya mtandio.
"Na ule mlango?" akauliza.
"Mimi nimetetemeka. Mlango umefanya nini?
Zamu ya usiku bado wanautia kufuli.
Binti yangu yumo ndani."

Dilruba alikuwa na kalamu. Akaiweka chini.
Sijawahi kumwona msomi
akikosa jibu na asijifiche nyuma ya maneno.

Ijumaa iliyofuata hatukutandika mikeka.
Tulisimama getini wanawake kumi na mmoja,
miguu tumeibonyeza kwenye lami,
tunavuta pumzi kama tulivyofundishwa,
tunaitoa ndefu kuliko tulivyoivuta,
hadi meneja akatoka na shada la funguo,
kwanza akitutukana,
kisha akituhesabu,
kisha akitafuta ufunguo wenyewe, mikono ikimtetemeka.
Hakuna aliyemwambia abonyeze miguu.

Alifungua mlango mmoja. Imebaki minne.
Monowara anasema bega lake analijua,
halikopeshi:
mlango mmoja, kidole kimoja.