Saa ya Hamsini na Sita

Temuko, Julai. Mvua haichoki.
Kitanda cha kumi na moja: Nolfa Queupumil, mfumaji.
Mkono wa kushoto umebana ubavu wa kulia
kama mtu anayezuia mlango usisukumwe na upepo.
Yalimwanza Jumapili, saa sita mchana,
andazi la boga lingali mdomoni.
Sasa ni Jumanne, saa mbili usiku.
Nahesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa koti, nisionekane:
hamsini na sita.

Daktari Urrejola, aliyenifunza kufunga fundo kwa mkono mmoja,
anaitazama picha: vijiwe, ukuta uliovimba.
"Moto huo," asema. "Dawa mshipani, arudi kwao,
wiki sita upoe, ndipo tukate."

Mimi ninayo methali,
ile ya ngoja ngoja na matumbo,
lakini nani humjibu mwalimu wake kwa methali
mbele ya wauguzi?

Nolfa ndiye aliyejibu. Hakuinua kichwa.
"Dada yangu Edita alipewa hizo wiki sita.
Ya nne alirudi ndani ya lori la maziwa, macho manjano,
mkampasua toka kifuani hadi kitovuni.
Sufu ikilowa leo, kesho naichambua kwa vidole.
Nikiiacha mwezi inashikana,
natafuta makasi,
na makasi hayachagui uzi."

Maji yakadondoka kwenye ndoo chini ya dirisha.
"Chumba kipo saa tano," Urrejola akasema,
kwa sauti ya mtu anayelalamikia bei.

Tuliukuta mfuko una rangi ya zambarau, mzito,
lakini mbichi bado: maji kati ya tabaka na tabaka,
unaguswa, unaachia.
Samaki na akunjwe angali hivyo.
Saa saba kasorobo nilikuwa na nyongo yake yote kiganjani,
na hakuna kilichotumbukia nyongo.

Asubuhi aliomba vijiwe vyake. Kumi na tisa.
Akavihesabu mara mbili, kama chenji.

Kitanda cha kumi na mbili: Anselmo Riffo.
Alisubiri ng'ombe azae, akasubiri barabara ikauke.
Leo siku ya kumi na moja.
Nabonyeza: pagumu, pameshikana. Homa imeshuka.
"Dawa mshipani," najisikia nikimwambia, "urudi kwenu,
wiki sita, moto upoe,"
na Urrejola, mlangoni, anafunga vifungo vya koti
polepole, asije akacheka.