Kabati la Nthiga

Hili kabati la jukwaani Nthiga alilichonga kwa mtarakwa,
mwaka wa ishirini na mmoja, ukumbi wa reli ukinukia rangi.
Mchezo ulikuja kwa meli, tayari umechakaa:
mume kajificha kabatini, mke yuabisha,
kasisi anatoka mvunguni bila suruali.

Onyesho la kwanza, wanawake hawakutosha mjini;
karani wa posta akavaa gauni, masharubu yamepakwa poda.
La pili, masika yalipiga mabati
hata mzaha ukaishia safu ya mbele.
La tatu sijui. Panya wamekula ratiba.

La nne nalijua. Hamsini na nne, Aprili.
Nthiga nyuma ya pazia, kamba mkononi,
hasikii Kiingereza chao ila anajua pa kuchekea:
hodi tatu, vuta.
Hodi tatu. Akavuta.
Ukumbi mzima ukashika mbavu.

Pumwani hawakupiga hodi. Kitako cha bunduki, basi,
na Ireri, mwanawe, kajikunja kabatini
katikati ya koti la baba na mkeka wa wageni.
Nako walicheka, yasemekana, askari wawili,
walipouona mguu.

Nimelinunua juzi mnadani, hili la mchezo.
Nimetia mkono ndani, nikagusa hewa:
halina mgongo. Mwigizaji aliingilia mbele,
akatokea nyuma, akanywa chai.

La nyumbani alilipigilia mgongo mwenyewe,
mbao nne, misumari ya inchi tatu.
Fundi mzuri, Nthiga.
Hakuacha hata ufa.