Daftari la Mweka Hazina

Nina daftari la jalada gumu, kona zimeliwa na panya,
miaka tisa ndani yake kwa kalamu ya bluu,
nyekundu pale tulipoumia.
Kila Ijumaa jioni wakala hupiga simu kutoka Dar:
"Mama Ndeshi, andika." Nami naandika.

Tulianza wanawake kumi na mmoja, Kiusa,
nyuma ya duka la cherehani,
na katiba ya kurasa mbili. Kifungu cha nne:
*Kikundi hakitanunua hisa za bia, wala za sigara,
wala za kampuni inayochafua mto ambao mtu anakunywa.*
Aliyekisoma kwa sauti ni Haikaeli,
Haikaeli ambaye mchango wake ulinukia ulezi,
maana alipika mbege Kiboriloni
na noti zake zilifika zimelowa.
Hatukumwuliza.
Nilizianika dirishani, nikaandika: zimepokelewa.

Tukanunua benki ya wakulima. Tukanunua chai.
Tukanunua umeme wa jua, ambao hakuna aliyeuelewa
ila binti yangu.

Mwaka wa tatu nikaanza kuona
kwamba bei nayo ina majira.
Aprili, masika yakigonga bati, soko linasinzia.
Julai, wiki tatu mlima haujaonekana,
makoti ya mitumba Mbuyuni yamepanda
na hisa zetu zimejikunyata.
Oktoba buni ziko juani, benki inapumua,
bei inakwea polepole
kama mama wa Mweka na mkungu wake kichwani.

Halafu Desemba.
Ukoo mzima unarudi nyumbani, magari yameziba Himo,
mbuzi kauzwa bei ya ndama,
na zile tulizozikataa, za bia, zinaruka.
Kila Desemba. Nilizifuata ukurasa wa nyuma, kwa penseli,
kama mwanamke anayechungulia uani
kwa mchumba aliyemkataa.
Penseli iliishinda kalamu miaka sita kati ya tisa.

Na Januari zetu huanguka.
Nilimwuliza wakala. "Soko, mama."
Ndeshi akaja na kompyuta, akachora mstari,
umechongoka kama Mawenzi.
"Mama, Januari wanaouza ni akina nani?"

Nikafunua daftari.
Elinipa, hisa arobaini, ada.
Nsiande, ishirini na tano, godoro la bweni na ndoo yenye kifuniko.
Apaisaria, zote.
Mimi, sitini, mwaka ule Ndeshi alipoingia kidato cha tano.
Na pengine Iringa, pengine Bukoba,
kuna daftari jingine, mama mwingine, wiki ileile ya pili.
Mwenye hisa za bia naye ana watoto, nadhani.
Ada haimwamshi usiku.

Mwaka jana Nsiande alisimama:
tukilaze kifungu cha nne, Oktoba hadi Krismasi tu,
kisha tukiamshe.
Tulicheka. Halafu hatukucheka.
Nilikuwa na ukurasa wa penseli pajani,
nikaufunika kwa kitenge.

Haikaeli hakuinuka. Alisema akitazama mikono yake:
"Faida ya pombe mnaisikia kwenye simu. Mimi naipokea mkononi.
Namjua anayeilipa, na mkewe namjua,
na Jumatatu watoto wao hupita mlangoni kwangu bila viatu.
Mimi sina kazi nyingine. Nyie mnayo."

Kura: sita kwa nne. Kifungu kikabaki.
Hakuna aliyepiga makofi.
Tukakubaliana kila mmoja aweke elfu kumi kwa mwezi, tangu Mei,
kwenye kopo la Januari,
na Apaisaria akasema kopo lina mdomo, litasema njaa kabla yake.

Leo ni Ijumaa ya pili ya Januari.
Mlima uko wazi, mweupe juu, kidogo kuliko nilipokuwa msichana.
Kopo limelipa ada za watoto wanne; wa tano tumeuza.
Wakala amepiga. Zimeshuka tena,
ila si kwa kiasi cha mwaka jana.
Sijui kama ni sisi, au ni vuli iliyochelewa kukatika.
Nimeandika kwa bluu.
Penseli ninayo bado. Nimeichonga.