Lita Sita

Jumapili, Bytom, gorofa ya nne.
Theluji imegeuka tope kando ya reli za tramu,
maduka yamefungwa,
na pampu ya baba imeanza kunywa hewa,
inakoroma kama mlevi kwenye benchi.

Maji yameshuka vidole viwili
chini ya alama aliyoichora kwa kalamu nyekundu.
Lita sita, nakadiria. Labda saba.

Bomba liko hatua tatu kutoka hapa.
Ningelifungua, ningehesabu hadi sitini,
ningerudi kwenye kitabu changu.

Lakini juu ya kioo kuna karatasi,
herufi zimesimama wima
kama wachimbaji kwenye foleni ya lifti:
JAGODA. SI YA BOMBA. HATA KIKOMBE.

Juzi nilimuuliza, wauguzi wakimbadilishia bandeji.
“Maji hupaa,” akasema. “Yaliyoletwa na maji hayapai.
Leo unatia chembe, kesho chembe,
tangi halina mlango wa kutokea.
Maji huondoka, deni hubaki.”

Nakumbuka mwaka wa harusi ya binamu,
mjomba Zenobiusz alipoachiwa ufunguo.
Alijaza kwa bomba, kwa moyo mweupe kabisa.
Mabomba ya jengo hili ni ya shaba.
Samaki hawakuonyesha kitu.
Kamba mwenye mistari myekundu alilala ubavu,
na konokono wakaachia kioo mmoja mmoja,
tik,
tik,
kama vifungo vinavyodondoka shatini.
Baba hakumgombeza. Alikwenda akanunua kichujio.

Miaka ishirini na sita alisimamia pampu mgodini,
mita mia saba chini, ambako ukuta hutoka jasho la chumvi,
masalia ya bahari iliyokauka
kabla hajazaliwa mtu wa kuipa jina.
Kazi yake ilikuwa kuitoa, usiku na mchana,
isije ikawafuata watu kwenye makaa.
Amestaafu. Sasa anairudisha,
ndoo kwa ndoo,
katika chumba cha kulia.

Basi nafungua kichujio.
Nakipimia kwanza maji ya bomba: mia nne na kumi na mbili.
Upande wa pili wa utando: sufuri.
Sufuri hiyo haina haraka.
Tone. Nasubiri. Tone.
Na kwa kila lita inayopita, nne zinakataliwa,
zinatoka kwa mrija mweusi, zikiwa na chokaa yao,
hazijakosa lolote ila kuwa maji ya watu.

Hilo ndilo linalonikera.
Kiumbe mrefu kama kidole changu
anywe kilichochujwa mara nne,
na ishirini na nne zimwagike kwa ajili yake?
Napanga ndoo. Ya bluu, ya njano, beseni la kufulia.
Hakuna kumwaga. Baba hajawahi kumwaga.

Saa nne usiku naonja sufuri kwa kijiko.
Haina ladha, kama jibu la mtu
ambaye hakuelewa swali.
Kisha naonja ya bomba: chuma kidogo, chaki kidogo,
ladha ya asubuhi za shule, mswaki mdomoni,
mama akigonga mlango.
Najaza glasi nzima, nakunywa nimesimama.
Mimi nina mlango wa kutokea.

Saa saba na robo pampu inaacha kukoroma.
Kamba anachungulia nyuma ya jiwe,
anapangusa sharubu, anarudi zake.
Sikutegemea shukrani.

Asubuhi simu inalia. Hakuna salamu.
“Mita ilisema ngapi?”
“Sufuri.”
Namsikia akivuta pumzi polepole, mbavu bado zinamuuma.
“Na zile nyingine?”
“Nimefua mapazia. Nimedeki jikoni, korido,
ngazi zote hadi mlangoni kwa Bi Halszka.”
“Alisema nini?”
“Aliuliza nani amekufa.”

Anacheka, anakohoa, anacheka tena.