Konzi

Nyevu amenilaza, mkono wa kulia juu ya mto,
akaufunga mkanda wa kupimia presha
akaupuliza mpaka vidole vikafa ganzi.
"Dakika tano, Mzee Tsofa. Usizungumze."
Mimi niliyefunga na kufungua maji ya watu
miaka thelathini na minane, Maweni hadi Muyeye,
najua dakika tano za presha ni ndefu kiasi gani.

Kwenye kioo cha mashine, mshipa wangu:
njia nyeusi kati ya kuta mbili za kijivu.
Nikadhani naujua.
Nimekata mabomba ya mji huu
nikayakuta yameota magadi ndani,
tundu la inchi nzima halipitishi penseli.
Na wanasema damu nzito kuliko maji.
Ikiwa maji hufanya hivi chuma,
sembuse damu.

Akafungua mkanda.
Damu ikarudi mbio, ya moto, mpaka kuchani.
"Tazama. Umetanuka."
Kidogo. Upana wa unywele, labda.
Akasema mshipa una utando ndani,
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
damu ikiupitia kwa kasi
huuambia ukuta: legea, pisha.
"Wako umekuwa mzito wa kusikia."

Bomba sijaliona likipisha.
Bomba hupasuka tu.

Halafu akasema: "Konzi moja ya korosho kila siku.
Zisizo na chumvi. Wiki nane, tupime tena."
Konzi!
Nilicheka hadi kitanda kikalia.

Maana konzi ya korosho mimi naijua ya utosini.
Mama alizichoma kwenye debe lililotobolewa,
mafuta ya maganda yakamla vidole
hata karani wa vitambulisho akamwambia,
"Mama, dole gumba lako halina kitu."
Alizipasua kwa jiwe, moja moja,
nzima kando, vipande kando.
Nzima ni karo yangu.
Vipande ni mafuta ya taa, chumvi, sabuni.
Ukinyoosha mkono tu, kichwani: ko!
"Hayo ni madaftari, hayatafunwi."
Sikumbuki kumwona akila hata moja.
Kiharusi kilimwangusha mwaka wa mvua nyingi,
upande wa kulia,
ule wa jiwe.

Nilimuuliza Nyevu: je, angekula japo vile vipande?
Hakunidanganya.
"Sijui, Mzee. Korosho si hirizi.
Na vidonge vyako usiviache."

Hii ni wiki ya sita.
Kabla ya chai nahesabu ishirini
za yule kijana wa stendi auzaye kwa kikombe
(nimemkataza kutia chumvi, ananiona mwehu).
Ya kwanza naitafuna upesi, kichwa nimeinamisha,
kama mwizi.
Ya pili polepole.
Kufikia ya kumi, mabega yameshuka.
Kama kule ndani utando unasikia, sijui.

Ila jana nilimkuta mjukuu wangu, Jefwa,
mkono umo bakulini.
Ngumi yangu ikajikunja yenyewe,
kidole cha kati mbele, tayari.
Mtoto akafumba macho.

Kisha, upana wa unywele,
halafu mwingine,
ikalegea,
ikapisha.